Gurudumu la nyuma linarushwa na nini?

Katika gereji za Bunia kuna sentensi moja isiyokosekana: «Gurudumu la nyuma linaruka.» Huisema dereva wa Hiace anayebeba abiria kwenda Komanda. Huisema mwenye Hilux ya mizigo. Huisema pia kijana aliyeiongezea nguvu injini ya gari lake dogo ili liondoke kwa kasi. Wote watatu wanasema kweli, lakini hawazungumzii jambo moja. Fundi akiipokea sentensi hiyo bila kuuliza zaidi, mara nyingi atabadilisha shokapu, zile tunazoziita hapa kwa Kifaransa amortisseur, kwa kuwa ndicho kifaa ambacho kila mtu anakihusisha na kuruka. Mwenye gari hulipa. Baada ya wiki mbili anarudi na sentensi ileile.

Naandika kuhusu jambo hili katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu naona kwamba sehemu ya tatizo imo katika kitenzi. Kuruka ni tendo la mwenye kuruka. Chura huruka, panzi huruka, mtoto huruka kamba. Gurudumu halina misuli. Tukiibadilisha sentensi iwe katika kauli ya kutendwa, tukasema «linarushwa», sarufi yenyewe inatudai neno linalofuata: linarushwa na nini? Majibu yapo matatu, na kila moja lina dalili zake na tiba yake. Mawili ya kwanza nitayaeleza kwa ufupi. La tatu nitalikalia zaidi, kwa kuwa ndilo linalosumbua magari yenye nguvu, ndilo linalovunja vyuma, na ndilo linalofichwa zaidi na neno «kuruka».

Jibu la kwanza: linarushwa na tairi lenyewe

Tairi na rimu yake vinapaswa kuwa na uzito uliogawanyika sawasawa pande zote. Upande mmoja ukiwa mzito, au tairi likiwa limevimba au si duara kamili, kila mzunguko huleta pigo moja. Tairi la kawaida la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi huzunguka mara 11 hivi katika sekunde moja. Kila gurudumu, pamoja na ekseli na springi inayoliunganisha na gari, lina kasi yake ya asili ya kutetema, na katika magari mengi kasi hiyo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ndiyo maana mtetemo wa tairi lisilo na urari hujitokeza sana gari linapokaribia mwendo huo, kisha huweza kupungua likiupita.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mtetemo hufuata mwendo wa gari tu. Hata ukiachia mafuta na kuliacha gari liteleze katika gia huru, unaendelea. Tiba yake ni kusawazisha tairi kwa vipande vya risasi, kunyoosha rimu, au kununua tairi jingine.

Jibu la pili: linarushwa na barabara

Anayesafiri kati ya Bunia na Komanda, au kuelekea Mahagi, anaijua barabara ya udongo yenye mikunjo midogo inayofuatana kama mawimbi. Kifaransa huiita tôle ondulée, yaani bati lenye mawimbi, na jina hilo linaeleweka na yeyote aliyewahi kuangalia paa la nyumba yake. Mikunjo hiyo hutengenezwa na magurudumu yenyewe. Gurudumu hukutana na kituta kidogo, hunyanyuka, hutua kwa nguvu na kuchimba kidogo, na gurudumu linalofuata huikuta alama hiyo na kuiongeza. Mwaka 2007, wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa kuviringisha gurudumu juu ya meza ya mduara iliyojaa mchanga. Mikunjo ilitokea hata pasipo springi, mradi mwendo umevuka kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho, mchanga ulibaki tambarare.

Hesabu ndogo inaonyesha kinachompata msafiri. Tuseme mikunjo imepishana kwa sentimita 70. Kwa kilomita 30 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 12 kwa sekunde, yaani ndani kabisa ya ile kasi ya asili ya mara 10 hadi 15. Hapo gari zima hulia. Kwa kilomita 80 kwa saa mapigo huwa karibu mara 32 kwa sekunde. Gurudumu haliwahi kushuka mabondeni, linagusa vilele tu, na abiria huona kwamba barabara imekuwa laini. Madereva wetu wanaijua siri hiyo na kuitumia. Lakini gurudumu linalogusa vilele tu limeshika barabara kwa sehemu ndogo ya muda, na breki na usukani hufanya kazi kwa sehemu hiyohiyo ndogo.

Hapa shokapu ina kazi kweli. Shokapu iliyokufa huacha gurudumu liendelee kudunda baada ya kila pigo. Mwenye Hilux ya mizigo huwa na tatizo la ziada. Ameongeza mabamba kwenye springi za nyuma ili gari libebe zaidi, halafu anarudi tupu. Springi iliyopangwa kwa mzigo mkubwa haikunjiki ikiwa tupu, na ekseli nzima hurushwa na kila mkunjo wa barabara.

Jibu la tatu: linarushwa na ekseli inayojisokota

Sasa tumfikie kijana mwenye injini yenye nguvu. Barabara yake inaweza kuwa lami safi, na matairi yake yakawa na urari. Anapokanyaga mafuta kwa ghafla ili aondoke, sehemu ya nyuma hugonga mfululizo kama nyundo, gari halisongi mbele inavyotarajiwa, na akiachia mafuta kila kitu hutulia mara moja. Alama hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika: kurushwa huku kunafuata mguu wa dereva. Hakufuati mwendo wa gari, wala hali ya barabara.

Tazama ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja, kama ile ya Hiace, Hilux na Land Cruiser nyingi tunazoziona mjini. Katikati yake kuna difu, yenye pua inayoelekea mbele, ambamo kardani huleta nguvu ya injini. Kwa kila upande ekseli imefungwa juu ya springi ya mabamba, na gereji za hapa huliita kila bamba kwa Kifaransa, lame. Springi hiyo imepewa kazi mbili. Hubeba uzito wa gari, na pia huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala isijigeuze.

Kazi ya pili ndiyo yenye shida. Mtu anayefungua nati iliyokaza kwa spana huhisi spana nayo ikimsukuma upande wa pili. Ekseli ni hivyohivyo. Inapozungusha magurudumu kuelekea mbele, ganda lake husukumwa kuzunguka kinyume, na pua ya difu huinuka. Kinachoizuia ni mabamba ya springi tu, nayo hupinda. Springi iliyokuwa na umbo la upinde huanza kufanana na herufi S iliyolala. Nguvu ya injini, badala ya kufika yote barabarani, sehemu yake huwekwa akiba ndani ya chuma kilichosokotwa.

Akiba hiyo haikai. Inafika nukta ambapo tairi linashindwa kushika na kuteleza. Tairi linaloteleza hushika kidogo kuliko lililotulia, kwa hiyo mzigo uliokuwa ukiisokota ekseli hupungua ghafla. Springi hujifungua kwa pigo, pua ya difu hushuka, gurudumu huinuliwa na kugongeshwa chini. Likishatua, tairi hushika tena, ekseli husokotwa upya, na mzunguko huanza mwanzo. Yote hayo hutokea mara 10 au zaidi kwa sekunde, kwa sababu ekseli hupata mlio wake wa asili na kuufuata.

Walimu wetu wanaufahamu mwendo huu kwa mkono. Mwalimu akitaka kuchora mstari wa nukta ubaoni kwa haraka, huishika chaki kwa nyuma, akaiegemeza kwa pembe, na kuisukuma mbele badala ya kuivuta. Chaki hushika ubao, vidole hupinda kidogo, chaki huteleza, vidole hujifungua, na mstari wa nukta hujichora wenyewe. Chaki haikuamua kuruka. Mwalimu asiyetaka nukta hafanyi lolote kwa ubao: huishika chaki karibu na ncha, ili kusibaki urefu wa kupinda, au hupunguza nguvu anayoisukumia. Karibu tiba zote za gurudumu la nyuma ni namna za kufanya mojawapo ya mambo hayo mawili.

Kwa mfano huo tunaelewa pia kwa nini shokapu mpya haimsaidii kijana wetu. Shokapu za kawaida zimesimama karibu wima, nazo hupunguza mwendo wa juu na chini. Ekseli inapojisokota, sehemu kubwa ya mwendo wake ni wa kugeuka, na shokapu iliyosimama juu yake haiuoni sana. Wahandisi wa General Motors walikutana na jambo hili katika Chevrolet Camaro ya mwaka 1967, iliyokuwa na bamba moja tu kwa kila springi ya nyuma. Katika toleo la 1968 waliihamisha shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili ekseli ikijaribu kugeuka, zote mbili zilazimike kufanya kazi, na katika matoleo yenye injini kubwa wakatumia springi za mabamba mengi. Miaka ya 1980 Ford nayo iliiongezea Mustang yenye nguvu shokapu mbili zaidi zilizolazwa, kwa kazi hiyo pekee.

Somo kutoka Safari Rally

Hatuhitaji kwenda Marekani kuona namna magari ya kasi yalivyoshinda tatizo hili juu ya udongo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zinazofanana na zetu kwa udongo, mvua na mikunjo. Tukiangalia magari yaliyoshinda, tunaona wazo moja likijirudia.

Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa na ekseli ya kipande kimoja, lakini uzito ulibebwa na springi za koili, na ekseli ilishikwa na fimbo za chuma zilizoiunganisha na bodi. Hannu Mikkola alishinda mwaka 1972 kwa Ford Escort RS1600, na Björn Waldegård mwaka 1977 kwa Escort RS1800. Escort ilibaki na springi za mabamba, ila iliongezewa fimbo juu yake ili mabamba yasiachiwe peke yake kazi ya kuizuia ekseli kugeuka. Kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekwisha kushinda mwaka 1973, alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun 160J na Violet, ambazo ekseli yake ya nyuma ilishikwa na fimbo nne na kubebwa na koili.

Wazo linalojirudia ni kutenganisha kazi mbili. Springi ibebe, fimbo ishike. Springi ikiachiwa kazi zote mbili, mwenye gari hulazimika kuchagua: akitaka springi laini kwa ajili ya barabara mbovu, ekseli inajisokota, akitaka ekseli isijisokote, anaweka springi ngumu, na barabara inamrusha. Hilo ndilo kosa la kuongeza mabamba kila mara gurudumu linapolalamika. Linaweza kweli kutibu jibu la tatu, huku likiongeza jibu la pili.

Tiba kwa mpangilio wake

Anayetaka kupunguza kurushwa kwa magurudumu ya nyuma aanze na kisichogharimu kitu, yaani mguu wake. Mapigo yakianza, aachie mafuta mara moja. Kung'ang'ania kwa matumaini kwamba yataisha ndiko kunakovunja meno ya difu, krosi za kardani na shafti. Katika ekseli nyingi za magari madogo shafti ndiyo pia inayolibeba gurudumu, na ikikatika, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande chake. Kwenye mlima wenye udongo uliolowa hatari huwa nyingine pia: gurudumu linalorushwa halina mshiko wa upande, na sehemu ya nyuma hutambaa kuelekea mtaroni. Kuondoka taratibu, klachi, au ambreyaji kama tusemavyo hapa, ikiachiwa bila pigo, humaliza kesi nyingi.

Pili ni upepo wa matairi. Matairi mawili ya nyuma yawe na upepo ulio sawa na unaolingana na mzigo. Ubavu wa tairi lenye upepo mdogo mno nao husokotwa na kujifungua, na tairi lililojazwa kupita kiasi hudunda na kushika kidogo.

Tatu ni vilivyolegea. Fundi akaze boliti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, akague mipira iliyo katika macho ya springi, zile silent-bloc, akague krosi za kardani na vishikio vya injini na vya giaboksi. Kila pengo la milimita chache linaipa ekseli nafasi ya kupata mwendo kabla ya kukamatwa, na chuma kilichopata mwendo hupiga kwa nguvu kuliko kilichosukumwa polepole. Shokapu zikaguliwe katika hatua hii, zibadilishwe kama zinavuja au hazizuii kitu.

Nne ni kuondoa yaliyoongezwa vibaya. Wapo wanaoinua gari kwa kuweka kipande cha chuma au mbao kati ya ekseli na springi. Kipande hicho huongeza urefu wa mkono ambao ekseli inautumia kuisokota springi, sawa na kuishika chaki kwa nyuma zaidi. Kwa gari lenye nguvu, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutoa.

Tano, baada ya hayo yote, ndipo inakuja fimbo. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza fimbo imara inayofungwa upande mmoja kwenye ekseli na upande mwingine kwenye fremu. Lakini kuna sharti kwa barabara zetu. Springi ya mabamba ikishuka na kupanda, ekseli pia huenda mbele na nyuma kidogo. Fimbo iliyokazwa ncha zote mbili itagombana na springi kwenye kila shimo, mpaka kimoja kipasuke. Kwa hiyo ncha ya mbele iwekewe pingili inayocheza, ili fimbo iizuie ekseli kugeuka huku ikiiruhusu kupanda na kushuka.

Magari ambayo kila gurudumu la nyuma limefungwa peke yake hayana ekseli ya kujisokota, ila ugonjwa upo kwa sura nyingine. Hapo akiba huwekwa katika mipira ya mikono ya gurudumu, katika vishikio vya difu, na katika shafti zenyewe. Tiba huanzia kwenye mipira na vishikio hivyo. Kwa Cadillac CTS-V ya mwaka 2009, wahandisi walifanya shafti ya upande mmoja iwe nene kuliko ya upande wa pili. Pande mbili zenye kasi tofauti za kutetema haziwezi kuitikiana, na mapigo hayapati nafasi ya kukua.

Maswali ya kuuliza gereji

Ninapendekeza, kama mwanafunzi wa lugha, tuyape majibu haya matatu majina yanayotokana na maneno tuliyo nayo tayari. Kinachosababishwa na tairi tukiite mtetemo. Kinachosababishwa na barabara tukiite mdundo, kwa kuwa ndivyo mpira unavyofanya ukipigwa chini. Kinachosababishwa na ekseli tukiite msokoto. Mwanafunzi wa kitivo chetu anayeombwa kutafsiri mwongozo wa gari, au kuandaa masomo ya ufundi kwa Kiswahili, atakutana na kasoro hizi tatu, na akizitafsiri zote kwa «kuruka» atakuwa amempeleka fundi kwenye kifaa kisicho na kosa.

Majina yenyewe hayatoshi, kwa sababu dereva ataendelea kusema kwamba gurudumu linaruka, na ana haki ya kusema hivyo. Anachohitaji ni fundi anayejua kuuliza. Je, linaruka kwenye lami pia, au kwenye udongo tu? Je, linaanza kwa mwendo fulani, na linaendelea hata katika gia huru? Je, linaruka ukikanyaga mafuta, na kutulia ukiachia? Jibu likiwa ndiyo kwa swali la tatu, fundi achore mstari wa chaki kwenye pua ya difu, simu ifungwe chini ya gari ikirekodi video, kisha gari liondolewe kwa nguvu mahali wazi pasipo watu. Video ikichezwa polepole, mstari ukionekana ukipanda na kushuka, hakuna haja ya kununua shokapu kabla ya kushika spana na kukaza boliti za U.